Ukishusha Gari, Lipeleke Alaimenti

Gari lililoshushwa kwa kuwekewa springi fupi linahitaji alaimenti, yaani kupimwa na kurekebishwa pembe za magurudumu, hata kama usukani umenyooka na gari halivuti upande wowote. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu hapa Mombasa wapo wengi wanaoshusha gari, wakafurahia lilivyokaa, kisha baada ya miezi michache wakajikuta wananunua matairi ya mbele bila kujua yale ya kwanza yameliwa na nini.

Kwenye Vitz, Axio, Impreza na magari mengi mengine yanayoteremshwa bandarini Kilindini, gurudumu la mbele hushikwa chini na mkono wa chuma na juu na shokomzoba. Bodi ikishuka, mkono ule hubadili pembe yake, na kwa kawaida kichwa cha gurudumu huinamia ndani. Wakati huohuo tairodi, ile fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, ambayo huzunguka kwa njia yake yenyewe, huyasukuma au kuyavuta magurudumu hata yasitazame mbele sawasawa. Wengi hulaumu ule mwinamo kwa kuwa ndio unaoonekana kwa macho, lakini kwa uzoefu wangu mharibifu mkubwa ni huu mtazamo uliopotoka, kwani tairi huburutwa kiubavu kila linapozunguka.

Siku ya kazi, mwambie fundi akaze nati za bushi, yale maungio ya mpira ya mkono wa chuma, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa limening'inia kwenye jeki, la sivyo mpira wa bushi utabaki umejipinda na kupasuka mapema. Kisha endesha kwa utulivu kilomita mia chache ili springi zikae mahali pake, ndipo ulipeleke likapimwe. Usukani ukiwa umepinda tangu siku ya kwanza, usingoje. Lipime papo hapo, na urudie baadaye.

Kabla ya kupimwa, upepo wa matairi uwe sawa, na boljointi (kiungo cha duara kinachoshika gurudumu kwenye mkono wa chuma) pamoja na ncha za tairodi zikaguliwe, kwa maana kilicholegea hakipimiki. Omba karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Usikubali kufanyiwa balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, peke yake, maana hiyo huondoa mtetemo tu. Impreza ina bolti ya kurekebishia mwinamo wa mbele, na magurudumu yake yote manne yapimwe. Kwa Toyota nyingi ndogo mwinamo haurekebishwi mpaka ununue bolti maalumu.

Baada ya wiki kadhaa, geuza usukani hadi mwisho, zima gari, upitishe kiganja juu ya tairi la mbele, kwanza kuelekea ndani, kisha kuelekea nje. Kikiteleza kikienda upande mmoja na kukwaruzwa kikirudi, mtazamo bado haujakaa sawa, kwa hiyo rudi ukapime upya. Fanya vivyo hivyo kila gari linapojigonga kwa nguvu kwenye shimo au kwenye mteremko wa feri ya Likoni.