Zabibu za kula nyumbani kwa sie wa Mbeya na Iringa, siri ni mwezi wa kupogoa

Wakuu habari za huko. Naona watu wa nyanda za juu wanaulizia zabibu na jibu wanalopewa ni lile lile, zabibu za Dodoma, huku baridi haziwezi. Hapana jamani. Mzabibu baridi unaivumilia, kinachoutesa huku kwetu ni mvua. Mvua inaanza Novemba inaenda mpaka Aprili, na shada likikutwa linaiva kipindi hicho matunda yanapasuka, yanaoza, alafu ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, unakuja kumalizia. Kwahiyo hesabu yako yote iwe kwamba zabibu iive kiangazi.

Mbegu kwanza. Usihangaike na kokwa, tafuta pingili, yani kipande cha tawi cha kupanda. Ukiagiza Dodoma mwambie mtu kabisa kuwa unataka za kula, maana Makutupora Red ni ya mvinyo, ulizia Queen of Vineyard au Ruby Seedless. Pingili iwe unene wa penseli, sentimita 30 hivi, ina macho matatu au manne, itoke kwenye tawi lililokomaa la kahawia sio la kijani. Chini kata bapa, juu kata mshazari, ili usije ukaichomeka kichwa chini. Macho mawili yaingie kwenye udongo wa kiriba (kifuko cha kuoteshea miche), weka kivulini, mwagilia kidogo kidogo mpaka ichipue na kushika mizizi.

Sehemu ya kupanda ni jua siku nzima, chini ya mparachichi sahau kabisa. Kama una ukuta unaopigwa na jua la mchana basi hapo ndo penyewe, hasa nyie mnaokaa kwenye baridi kali, maana sakitu, yani umande unaoganda, ya Juni na Julai inaunguza machipukizi machanga na bondeni ndo inakaa zaidi. Shimo sentimita 60 kila upande na kina hivyo hivyo, udongo wa juu uchanganye na debe moja la samadi iliyoiva. Mche hadi mche mita 2. Panda mvua zikishakolea. Udongo mwepesi wa volkano kama wa Mbeya unapitisha maji vizuri, ila kama kwako ni mfinyanzi panda kwenye tuta, mizizi ya mzabibu haitaki maji yanayotuama.

Mwaka wa kwanza unajenga mti tu. Acha chipukizi moja lenye nguvu, lifunge kwenye kijiti ulichosimika lipande mpaka kwenye waya au chanja, likifika kata ncha, yatakayotoka pembeni chagua mawili ulaze moja kulia moja kushoto. Nguzo za mlingoti (mkaratusi) zinatosha. Maua yakitokea mwaka huo yatoe, najua inauma ila yatoe.

Sasa kupogoa, na hapa naomba msome taratibu. Zabibu inazaa kwenye chipukizi jipya linalotoka kwenye tawi la msimu uliopita, yani usipokata unabaki na majani mengi na mashada machache ya kipuuzi. Kila tawi kwenye ile mikono miwili likate libaki na macho mawili, matatu mwisho. Fanya hivyo Machi mwishoni, Aprili isiishe hujakata, ili maua yatoke na matunda yashike kabla ya baridi kali. Dodoma kutoka kupogoa mpaka kuvuna ni kama miezi minne, huku baridi inachelewesha kwahiyo jipange kula Agosti hadi Oktoba mwanzoni, jua kali na mvua bado. Ukikata utaona maji yanadondoka pale kwenye kidonda, usiogope, yanaacha yenyewe.

Zile wiki za mwisho wa mvua ndo za kukagua majani. Geuza jani, ukikuta vinyoya vyeupe chini na madoa ya njano juu piga dawa ya kopa (shaba). Ukikuta unga wa kijivu kama vumbi la sembe, piga dawa ya salfa, asubuhi au jioni sio jua la saa saba. Fuata kipimo cha kwenye pakiti na siku za kusubiri kabla ya kula. Punguza majani yanayobanana na mashada, upepo upite.

Kiangazi mwagilia kwa wiki mara moja, maji mengi yazame, na weka matandazo. Zikianza kubadilika rangi punguza maji, hapo ndo sukari inaingia. Ndege watajua kabla yako, funika kwa neti.

Na usivune kwa kuangalia rangi, onja punje ya ncha ya chini ya shada maana hiyo ndo inachelewa. Zabibu ikishakatwa haiivi tena ndani kama parachichi au ndizi. Kata kwa mkasi, shika kikonyo, na ule ukungu mweupe mwembamba juu ya punje usiufute, ni nta yake yenyewe sio dawa wala ugonjwa, unasaidia zisinyauke haraka, osha pale unapotaka kula tu.