Yungiyungi la bluu: jinsi ya kulipanda nyumbani hata kama huna bwawa

Ukipanda mtumbwi pale kwenye kinamasi cha Mabamba, ng'ambo ya Entebbe, unayaona mayungiyungi ya bluu yametanda juu ya maji, na watu wengi wakirudi Kampala wanadhani ua kama lile lazima uwe na bwawa kubwa. Hapana, besheni pana na jua la kutosha vinatosha kabisa, ni ua la porini la hapa hapa kwetu na likishashika linakaa miaka.

Hatua ya 1: tafuta kiazi chake

Omba kwa mtu mwenye bwawa au uliza wauza miche wa kando ya barabara. Nakuomba usiende kung'oa kinamasini, kwanza ardhi oevu zinalindwa na sheria na NEMA, mamlaka ya mazingira, wanazisimamia, pili maji yale yana konokono wa kichocho, tatu unaweza kurudi na kigugumaji kidogo kimejificha kwenye mizizi na sote tunajua gugumaji lilivyotusumbua Ziwa Victoria tangu mwisho wa miaka ya 1980. Hata cha bwawani kwa mtu, kisuuze vizuri kwanza.

Hatua ya 2: chombo na mahali

Pipa la plastiki la lita 200 ukilikata nusu ni zuri sana, ila uliza lilibeba nini, la dawa za kiwandani achana nalo. Weka penye jua masaa sita au zaidi, chini ya mwembe utapata majani tu bila maua. Na usiweke ile mashine ya kurusha maji juu, yungiyungi linataka maji yaliyotulia. Kama kuna mtoto mdogo nyumbani funika na wavu wa waya, hilo usilipuuze.

Hatua ya 3: udongo

Hapa ndo wengi wanaliua, tena kwa kulipenda. Wanaweka samadi, mboji, udongo mweusi wa kununua, vyote vinaelea na kuoza, maji yananuka na kugeuka kijani wiki ile ile. Linataka udongo wa mfinyanzi, ule mzito wa kufyatulia matofali. Loweka, kanda kwa mkono ukitoa mawe na vijiti, halafu viringisha kidogo uwe mwembamba kama kalamu, ukipinda bila kukatika basi uko sawa, ukimeguka una mchanga mwingi. Jaza kwenye ndoo fupi pana, simamisha kiazi katikati na ile ncha ya kutokea majani ibaki nje ya udongo, ukiifukia inaoza. Tandaza kokoto juu ila usizibe ncha.

Hatua ya 4: maji

Ya mvua ni bora, ya bomba yaache wazi siku nzima kwanza dawa ipungue. Mwanzoni maji yapite juu ya ncha kama sm 10 hivi, sio zaidi, maana jani changa linahitaji kufika juu haraka. Mimi napanga matofali chini ya ndoo ndani ya pipa, majani yakifika juu natoa tofali moja, yakiongezeka natoa lingine, mpaka ndoo ikae chini kabisa ya pipa. Kwa mbu tia wale samaki wadogo wa mapambo, gapi, wanakula viluwiluwi vyote. Ngege hapana, akikua anakula majani na kufukua udongo.

Hatua ya 5: matunzo

Jani la manjano likate chini kabisa kabla halijaozea majini. Wadudu weusi wadogo wakijaa juu ya majani wapige maji ya mpira waanguke, samaki watawamaliza, dawa ya kupuliza usitumie itaua samaki. Kila mwezi chukua kijiko cha chai cha mbolea ya NPK, funga kwenye kipande cha gazeti na ukisukume ndani ya udongo kwa kidole, usimwage majini hata kidogo.

Ua linafungua asubuhi na kufunga mchana, siku tatu nne hivi. Siku ya kwanza chungulia katikati, utakuta kuna majimaji yamejaa na vidudu vingine vimezama humo, vile vilivyotoka ua lingine vinaacha chavua pale na mbegu zinashika, chavua ya ua lenyewe inatoka kuanzia siku ya pili.

Hatua ya 6: mbegu

Ua likichoka linazama na tunda linaivia chini ya maji. Lifunge mapema kwa kipande cha chandarua kizee maana likipasuka mbegu zinaelea muda mfupi tu kisha zinazama na huzipati tena. Zikitoka usizianike, ziweke kwenye chupa ya maji, halafu zinyunyize juu ya tope kwenye besheni na maji yapite juu yake vidole viwili tu, juani, na miche ikiwa na majani matatu manne ihamishe mmoja mmoja kwenye ndoo yake.