Pata bei ya jumla kabla samaki hajauawa

Ukifika Lei Yue Mun, kijiji cha kale cha wavuvi huko Hong Kong ambako mteja hununua samaki hai kibandani kisha akapikiwa mkahawani, mwombe muuzaji akuandikie bei ya jumla kabla samaki hajauawa, kwa kuwa bei aliyoitaja yaweza kuwa ya kan moja, yaani takriban gramu 605, au ya leung, ambayo ni sehemu ya 16 tu ya kan. Maji ya mfuko aliomo samaki yamwagwe kabla ya kupima. Ada ya upishi hulipwa kando, hivyo iulize mapema. Mbinu hii ya kuandikiwa bei haifui dafu samaki akishakatwa.