Kabla ya kulipia kifaa cha umeme Japani, geuza usome kibandiko

Anayetoka Dodoma kwenda Tokyo kwa kozi au ziara ya kikazi hukabidhiwa maagizo kabla hajafunga begi: kamera ya huyu, sufuria ya umeme ya mama, saa ya shemeji. Usimwahidi mtu bado. Vifaa vingi kwenye maduka ya Japani vimetengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe, na umeme wao ni wa volti 100. Wetu ni wa 230.

Dukani, geuza kifaa au chaja yake utafute maandishi madogo penye neno INPUT au 入力. Ukikuta 100-240V 50/60Hz, umepona. Kitakachobaki ni adapta ya kuwezesha plagi yao ya pini mbili bapa iingie kwenye soketi yetu ya pini tatu. Chaja nyingi za kamera, laptopu na simu ziko hivyo. Ukikuta 100V peke yake, rudisha kwenye rafu, hata kama bei inavutia. Adapta haishushi hata volti moja. Inabadilisha umbo la pini basi. Kifaa cha kupasha moto cha wati 1,200 kilichotengenezwa kwa volti 100 kikichomekwa kwenye 230 kitajaribu kuvuta zaidi ya wati 6,000, kwa sababu volti ikiongezeka mara 2.3, nguvu huongezeka zaidi ya mara tano. Kitaungua kabla maji ya wali hayajapata moto.

Wapo wanaotegemea transfoma ya kushusha umeme. Inafanya kazi, ila sufuria ya wati 1,200 inahitaji transfoma ya wati 1,500 hadi 2,000, na huo ni mzigo wa kilo nyingi utakaokaa jikoni siku zote. Tena transfoma haibadilishi hezi (Hz), yaani mara ambazo umeme hugeuka mwelekeo na kurudi kwa sekunde. Tokyo na upande wa mashariki wanatumia 50 kama sisi. Osaka na upande wa magharibi wanatumia 60. Kifaa cha mota kilichoandikwa 60Hz tu, ukikileta huku mota yake huenda ikazunguka polepole na kupata joto. Kama sufuria ya mama ni lazima, nenda kwenye maduka ya watalii, hasa Akihabara, mtaa wa vifaa vya umeme Tokyo, uulize toleo la nje lililoandikwa 海外仕様 au 220-230V. Usishangae likiwa ghali kuliko la wenyeji.

Redio ni mtego wa pili, na mwenye gari lililotoka Japani anaujua. FM yao inaanzia megahezi 76 na kuishia 95, ilhali vituo vyetu vinafika 108. Ndiyo maana magari hayo hufungwa ekspanda, kifaa kinachoshusha masafa ya vituo ili redio iyashike. Redio ya mkononi ya soko la Japani itashika sehemu tu ya vituo vyetu. Televisheni zao nazo hupokea matangazo ya mfumo wa ISDB-T, sisi tuko DVB-T2, kwa hiyo hazitashika vituo vyetu. Deki ya DVD ya kule husoma diski za eneo la 2 (region 2), na Tanzania ipo eneo la 5. Saa ya shemeji iangalie pia: zile zinazojirekebisha kwa mawimbi ya redio hutegemea mitambo ya Japani, China, Marekani na Ulaya, ambayo haifiki huku. Zitaonyesha wakati vizuri tu, lakini usilipe zaidi kwa ajili ya sifa hiyo.

Kwa kamera, iwashe palepale uingie kwenye menyu utafute 言語, yaani lugha. Modeli nyingi za Sony zinazouzwa Japani zina Kijapani peke yake, na fundi wa huku hatakubadilishia. Kompyuta ni rahisi zaidi kwa kuwa lugha ya programu hubadilika, ila kibodi ya Kijapani ina alama ya @ pembeni ya P na kitufe kifupi cha nafasi.

Simu nyingi za kule hulia unapopiga picha hata ukizima sauti. iPhone 17 za Japani hazina tundu la laini, ni eSIM tu, yaani laini ya kidijitali iliyo ndani ya simu. Ukinunua simu iliyotumika, angalia ネットワーク利用制限, yaani kizuizi cha mtandao, kwenye lebo: ○ ni salama, △ ina malipo ambayo hayajaisha, × imefungiwa. Bonyeza *#06# uone IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kabla ya kulipa.

Vitu vilivyotumika ndiyo hazina yenyewe ya Japani, kwani maduka huandika kasoro waziwazi. Neno ジャンク maana yake ni kibovu au hakijapimwa, hakirudishwi. Kwenye lenzi tafuta カビ, ukungu, kisha mulika kwa tochi uhakikishe mwenyewe. Unyevu wa kiangazi cha kule huukuza sana, tofauti na ukavu wa Dodoma, ambako adui wa lenzi ni vumbi.

Beba pasipoti yenyewe, si nakala. Kodi ya mauzo ni asilimia 10, na mgeni wa muda mfupi huondolewa akinunua kuanzia yeni 5,000 kabla ya kodi, duka moja siku moja. Hadi 31 Oktoba 2026 punguzo hufanyika dukani. Kuanzia 1 Novemba 2026 unalipa bei kamili, kisha unarudishiwa baada ya forodha kuthibitisha kuwa unaondoka na mali. Kwa hiyo usiingize kamera kwenye begi la mizigo kabla ya hatua hiyo.

Nunua mwanzoni mwa safari. Waranti nyingi za kule ni za ndani ya nchi tu, na ubovu wa kiwandani hubadilishwa ndani ya siku chache, sharti uwe na risiti. Betri za akiba na powabanki hukaa kwenye begi la mkononi, zisizidi wati-saa 100 kila moja: ya mAh 20,000 ni 74 hivi, inapita. Risiti zote ziweke mahali pamoja, maana maofisa wa mamlaka ya mapato (TRA) uwanjani Dar es Salaam wataziulizia, hasa wakikuta maboksi mawili ya kamera ileile.