Somo: Kuchonga na kuchapa picha ya kejeli ya kituo cha daladala

Wadau, vifaa: kipande cha lino (linoleamu, shiti laini ya kuchongea), patasi ndogo za kuchongea (ncha ya V na ya U), rola, wino mweusi wa kuchapia, karatasi na mwiko wa mbao.

1. Tafuta kejeli kwanza. Msongamano peke yake ni habari tu. Mchoraji Mwingereza William Hogarth alipochapa picha yake Gin Lane mwaka 1751, alionyesha mtaa wa London ulioteketea kwa pombe: nyumba zinabomoka, mama kalewa, mtoto anamponyoka. Lakini mwenye duka la rehani mambo yake safi! Hapo ndipo picha inapouma. Kwenye kituo chetu, abiria wananing'inia mlangoni, konda anaita "nafasi ipo", na pembeni bodaboda kakaa juu ya pikipiki anahesabu noti. Anayenufaika asikosekane.

2. Geuza mchoro. Chapa hutoka kinyume, kama kwenye kioo. Chora kwenye karatasi nyepesi, ifudikize juu ya lino, kandamiza. Kibao cha MBAGALA kina mtego wake: M na A hazibadiliki, zinazoponza ni B, G na L.

3. Chonga. Unapoondoa patakuwa peupe, unapoacha patashika wino. Ianike lino juani kidogo ilainike. Mkono unaoshikilia ukae nyuma ya patasi, tafadhali.

4. Chapa. Paka wino kwa rola, tabaka liwe jembamba, la sivyo unajaza mistari ya nyuso na konda anabaki bila mdomo. Laza karatasi, sugua kwa mgongo wa mwiko kuanzia katikati. Inua kona moja uchungulie. Pakiwa pamepauka, irudishe usugue tena.

MASWALI

Mkuu, lino sijaiona madukani. Nifanyeje?
Plaiwudi laini inafaa, ila nyuzi zake zinavuta patasi. Chora watu wachache, sura kubwa.

Naweza kumweka trafiki wa kituo chetu, sura yake kabisa?
Usifanye hivyo, dada. Weka kofia, kitambi na kiganja kilichofunguka nusu. Kila mtu atajua ni wa kituo chake.

Ile 3/20 chini ya chapa ni nini?
Nakala ya tatu kati ya ishirini. Andika kwa penseli, sahihi yako upande wa kulia.