Kuomba ruzuku ya utafiti ukiwa Lubumbashi: watoto wamewapita wazazi?

Nimetoka kumsaidia mdogo wangu mmoja, asistenti wa sosholojia, kuandika ombi lake kuhusu watoto wa wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi hapa Katanga: wamepanda, wameshuka, au wako palepale? Wenye mada za namna hiyo ni wengi hapa, basi fuateni hivi.

1. Mfadhili. CODESRIA ya Dakar, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika, inapokea maombi kwa Kifaransa, anzia huko. AERC ya Nairobi, muungano wa utafiti wa uchumi, ni ya wachumi; usiende mikono mitupu bila ekonometria, yaani takwimu za kiuchumi.

2. Swali. Liwe moja. "Umaskini na maendeleo Katanga" si swali. Hili ni swali: watoto wa walioondoka Gécamines kwa hiari mwaka 2003 na 2004, katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wana kazi bora kuliko za baba zao?

3. Utapimaje? Hapa ndipo maombi mengi hufia, maana msomaji wa Dakar atakuuliza: hali ya baba umeijuaje?

Usiandike kwamba utauliza mshahara wa baba. Nani anaukumbuka? Na hata akiukumbuka, ni zaire zipi, hizo pesa za zamani? Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya milioni 3 za zamani, na 1998 ikaja franga. Uliza kazi na masomo.

Lakini jibu litakuwa "baba alikuwa Gécamines", na hiyo si kazi. Alikuwa mlinzi, fundi wa tanuru, karani, au kada, yaani mkubwa wa kampuni, mwenye nyumba kubwa? Chimba hadi upate alichokuwa akifanya kila siku, kisha kipange kwa ISCO-08, orodha ya aina za kazi ya Shirika la Kazi Duniani.

Halafu mwaka. Wengi huuliza kazi ya baba mtoto alipokuwa na miaka 14. Aliyezaliwa 1975 alifika umri huo 1989, Gécamines ikiwa bado na nguvu; wa 1985 alifika 1999, kampuni iko hoi. Kazi ileile, maisha mawili tofauti kabisa. Kwa hiyo ongeza maswali ya vitu: posho ilikuwa ikitoka? Nyumba ilikuwa ya kampuni? Nani alilipa shule? Kama baba alifariki mapema, uliza kuhusu aliyemlea.

Na tafadhali, usihesabu tu nyumba ambamo wazazi na watoto wazima bado wanaishi pamoja. Waliofanikiwa wamehamia Golf, mtaa wa wenye nacho, au Kinshasa, na Katuba, mtaa wa watu wa kawaida, utawakuta waliobaki. Mwombe mzazi akutajie watoto wote, kisha watafute kwa simu. Andika hilo kwenye ombi, na gharama ya vocha uiweke kwenye bajeti.

Kukusanya majibu: KoboToolbox, programu ya dodoso, kwenye simu, basi. Inafanya kazi bila mtandao. Dodoso za karatasi sizitaki hata kuziona, mvua ya Januari inazijua.

4. Bajeti. Kwa dola. Mtu wa pikipiki hatoi risiti, kwa hiyo muulize mfadhili mapema kama atakubali karatasi yenye tarehe, safari, kiasi na sahihi. Ulizia pia chuo kitakata asilimia ngapi pesa zikipitia akaunti yake.

5. Kutuma. Barua ya kitivo yenye muhuri iombe kwanza kabla ya yote, maana mkuu wa kitivo husafiri. Faili litume siku mbili kabla ya mwisho, asubuhi, SNEL, shirika la umeme, ikiwa bado haijakata umeme.