Njia ya matandazo kwenye bustani ya mlimani

Ukiishi kwenye miinuko ya Mwanza unajua mvua ya vuli inavyoshuka: inapiga mwamba juu, inajikusanya, halafu inakuja kwako na mchanga wake. Njia yangu ya kwanza hapa Nyegezi niliinyoosha kutoka getini hadi kwenye matuta ya mchicha kwa kuwa ndiyo fupi. Mvua moja tu, matandazo yote niliyofunikia njia nikayakuta kwa jirani wa chini. Basi hatua ya kwanza usiiruke: njia ikate mteremko kwa ubavu, hata kama itazunguka.

Pima upana wa sentimita 90 ili toroli lipite bila kukwaruza mboga. Piga vigingi, funga kamba, kisha ng'oa majani yote. Ndago ichimbe mpaka vile vifundo vyake vya chini. Ikibaki itatoboa chochote utakachoweka juu.

Usiichimbe njia ikawa chini kuliko matuta, maana utakuwa umetengeneza mfereji. Sawazisha na kushindilia tu. Upande wa bondeni panga mawe, theluthi moja izame ardhini, na kila baada ya hatua tano au sita acha mwanya wa maji kutokea. Mawe huku kwetu hatununui.

Tandaza maboksi yaliyobanduliwa selotepu, kila moja likilalia mwenzake sentimita 15, kisha yaloweshe. Yataoza, ila majani yatakuwa yameshakosa mwanga.

Juu yake mwaga vibanzi vya mti na magome, unene wa sentimita 8. Njia ya mita 10 inakula ndoo 36 za lita 20. Maranda ya seremala yanafaa chini, si juu, kwa sababu ni mepesi. Makapi ya mpunga utayapata kirahisi mashineni, lakini kwa njia siyashauri kabisa: yanaelea na kupeperuka. Mabaki ya mbao zilizotiwa dawa yakatae, hata ukipewa bure. Hapo pembeni unalima chakula.

Karibu na nyumba, nusu mita ya mwisho weka kokoto. Mchwa wanapenda vibanzi, na kutoka hapo hadi kwenye fremu ya mlango si mbali.

Kila Septemba chota kilichooza chini ukipeleke kwenye matuta, ujazie vibanzi vipya. Vile vibichi usivichanganye na udongo wa mboga: wakati vinaoza vinakula naitrojeni, na mchicha unageuka njano.